Punda milia si mpole hivyo

Nyinyi mnaojibu hii makala ya kuchanganya wanyama mkisema ati kuweka wanyama tofauti kwa boma moja ni ukatili, kwani kwa mbuga ya Lake Nakuru wanaishi aje? Twiga, nyati, kifaru, wote ndani ya fensi moja. Shida ni nafasi tu. Hapa Impala Sanctuary, hifadhi ndogo ya wanyama Kisumu, swara na tumbili wanazunguka pamoja, chui ndiye yuko kwa kizimba na hapo hakuna mjadala jameni. Lakini mwandishi wa makala amemsifu sana punda milia ati ni mpole, huyo dume akiamua anauma mtoto wa swara mpaka anakufa, ndio maana wanaojua kazi huacha upenyo mwembamba kwa ua, mdogo anapita mkubwa anabaki nje. Na chakula kigawanywe, kwetu bata mzinga mmoja alikuwa anasimamia sahani kuku wote wanalala njaa.