Mwanafunzi wa Mtandaoni Apigiwe Simu

Ukifundisha kozi inayoendeshwa kwa Moodle, yaani mfumo wa kufundishia mtandaoni, fungua orodha ya washiriki. Kwenye kila jina utaona ni lini mwanafunzi aliingia mara ya mwisho. Mmoja ameingia asubuhi hii, mwingine ana siku 19, mwingine hajaingia kabisa. Kwa maoni yangu, mwalimu aanzie hapo kabla hajahangaika na slaidi.

Darasani mtu akikosekana wiki nzima, wenzake huulizana. Mtandaoni anapotea kimyakimya. Hata zile kozi kubwa za bure zilizovuma duniani tangu 2012, wanaozimaliza mara nyingi hawafiki asilimia 15 ya waliojiandikisha.

Huku Nyanda za Juu Kusini tunajua inavyokuwa. Julai kahawa inachumwa Mbozi, na kijana aliyeko kwao hawezi kukaa na simu mchana wakati wazazi wako shambani. Usiku anafungua video ya saa nzima, bando linakata katikati. Wiki ya kwanza imempita. Ya pili anaona aibu kuuliza swali ambalo wenzake walishalimaliza. Ya tatu haonekani tena, na chuoni wanasema hakuwa na nia. Nia alikuwa nayo, maana ada amelipa! Kilichomtoa ni aibu, kuliko hata mtandao, na aibu haiondolewi na ujumbe wa jumla kwenye grupu la WhatsApp. Inaondolewa na mtu anayempigia: "Habari za huko, naona hujaingia tangu wiki iliyopita, umekwama wapi?"

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinafundisha kwa masafa tangu enzi ambazo simu janja hazikuwapo, na bado kina vituo mikoani, Mbeya na Iringa vikiwemo. Anayesoma akiwa mbali bado anahitaji mahali pa kubisha hodi.

Video zikatwe ziwe za dakika kumi, na maelezo yawepo kwa maandishi kwa asiye na bando. Hayo ni rahisi. Gumu ni simu, kwa sababu walimu wengi hupiga kwa vocha zao wenyewe. Vyuo vitenge fungu la muda wa maongezi kwa kila kozi ya mtandaoni, na kila Jumatatu mkuu wa idara aulize: nani hajaingia, na nani amempigia?