Usiifute Herufi Ili Jaribio Lipite

Jaribio la programu yetu lilifeli, na ujumbe wa kosa ulikuwa mfupi: lililotarajiwa ni "José", lililopatikana ni "José". Majina mawili, moja juu ya jingine, yanafanana kama shilingi kwa ya pili, na bado programu inasisitiza kwamba si sawa. Mwenzangu akapendekeza tuiondoe ile alama iliyo juu ya e kwenye data ya majaribio, tuandike "Jose", kazi iendelee. Nilikataa siku ile, na hadi leo nakataa. Jaribio lile lilikuwa linasema kweli, na sisi tulikuwa tunataka kulinyamazisha.

Kilichotutoa gizani ni kuacha kuitazama skrini. Skrini huchora maumbo, haikwambii ndani kuna nini. Tulichapisha urefu wa kila jina tukapata 4 na 5. Tukachapisha baiti, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhi maandishi kwazo. Upande mmoja é ilikuwa herufi moja kamili, namba U+00E9 katika Unicode, ile orodha ya kimataifa ya herufi. Katika UTF-8, ambao ni usimbaji, yaani njia ya kugeuza herufi kuwa baiti, hiyo ni baiti mbili: C3 A9. Upande wa pili ilikuwa e ya kawaida inayofuatwa na alama ya mkazo inayojitegemea, U+0301, yaani CC 81. Unicode inayakubali maumbo yote mawili, tena imeweka kanuni za kuyaleta pamoja: NFC huunganisha, NFD hutenganisha. Jina letu lilikuwa limechukuliwa kutoka jina la faili lililopita kwenye Mac yenye mfumo wa faili wa HFS+, ambao huhifadhi majina yakiwa yametenganishwa. Dawa ikawa mstari mmoja wa kugeuza kila kinachoingia kuwa NFC. Kama tungeifuta ile alama, mtu anayeitwa José angelitafuta jina lake kwenye mfumo wetu asilione, na majaribio yote yangekuwa ya kijani, yaani yamepita.

Tangu hapo nimejifunza kuzisoma alama za uharibifu kama daktari anavyosoma dalili. Ukiona "Ã©" mahali pa é, baiti za UTF-8 zimesomwa kana kwamba ni za usimbaji wa zamani wa Latin-1 au Windows-1252. Data bado ni nzima, ila imesomwa vibaya. Ukiona alama ya kuulizia, mara nyingi kuna aliyelazimisha herufi iingie kwenye usimbaji usioijua. Ukiona ile almasi nyeusi yenye alama ya kuulizia ndani, U+FFFD, msomaji alishindwa kuzielewa baiti, na ikishahifadhiwa hivyo, EF BF BD, herufi ya asili haipo tena na hakuna ujanja wa kuirudisha. Na kama safu ya kwanza tu ya faili la CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi matupu) ndiyo haipatikani ilhali unaiona kwa macho, angalia baiti tatu za mwanzo. Huenda ni EF BB BF, alama isiyoonekana ambayo baadhi ya programu huiweka mwanzoni mwa faili.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu. Herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII, ile orodha ya alama 128, kwa hiyo ukijaza data ya majaribio kwa maneno ya Kiswahili unaweza kukaa miaka bila kugusa tatizo hili. Isipokuwa ng'ombe. Programu ya kuandikia hati huigeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, U+2019, baiti tatu E2 80 99, na mara unakuta "ngâ€™ombe" kwenye ripoti ya mteja. Data ya majaribio isiyo na herufi ngumu haijathibitisha lolote kuhusu usimbaji, na ningependa kila timu ilikubali hilo.

Linalonikera zaidi ni jaribio linalopita wakati halikustahili kupita. Programu inaandika faili kwa usimbaji wa chaguo-msingi, yaani unaotumika usipotajwa mwingine, kisha jaribio linalisoma kwa usimbaji uleule wa chaguo-msingi. Kosa la kwenda linafutwa na kosa la kurudi. Au herufi zote zinageuka kuwa alama za kuulizia pande zote mbili, "??" inalinganishwa na "??", na jibu linakuja kuwa ni sawa. Ndiyo maana siku hizi nikijaribu uandishi wa faili nalinganisha baiti zenyewe nilizoziandika kwa mkono ndani ya jaribio, siyo maandishi yaliyokwenda na kurudi.

Hilo chaguo-msingi ndilo mzizi wa "kwangu inafanya kazi". Lugha ya programu ya Java kabla ya toleo la 18, la mwaka 2022, ilifuata mipangilio ya mashine, hivyo kontena la Linux (mazingira yaliyofungwa ya kuendeshea programu) lisilowekewa LANG, mpangilio wa lugha na usimbaji, liliweza kuiangusha kwenye ASCII huku kompyuta ya mwandishi ikitumia UTF-8. Lugha ya Python nayo, ikifungua faili kwenye Windows bila kuambiwa usimbaji, kwa miaka mingi imetumia ule wa mfumo, mara nyingi cp1252, ndiyo ileile Windows-1252. Hifadhidata ya MySQL ilileta mtego mwingine: usimbaji wake uitwao utf8 ulikomea baiti tatu kwa herufi, emoji zikakosa nafasi, na wa kweli ukaitwa utf8mb4. Sioni sababu ya kuacha jambo hili likae kimya. Kila mahali maandishi yanapoingia au kutoka, iwe faili, mtandao au hifadhidata, usimbaji utajwe kwa jina.

Sikubali pia ile njia ya mkato ya Python, errors="ignore", inayoziruka baiti zisizosomeka. Wanaoitumia wana haraka, nawaelewa, lakini inafuta majina ya watu bila kuacha alama yoyote. Afadhali programu ianguke palepale ikionyesha baiti iliyoishinda.

Katika mradi ninaoufanyia kazi sasa, kila jaribio linalogusa maandishi hupokea majina matano: José iliyounganishwa, José iliyotenganishwa, ng’ombe yenye alama iliyopinda, 日本, na emoji moja. Seva ya majaribio huyaendesha mara mbili, mara ya kwanza LANG ikiwa C.UTF-8, mara ya pili ikiwa C tupu, isiyotaja UTF-8. Wiki ya kwanza yalifeli majaribio kumi na moja, na kila moja lilikuwa na kosa la kweli nyuma yake.