Kanda ya video iliyo kwenye nailoni: uitunze au uichane?

Juni 2022, kampuni ya minada ya Heritage Auctions ya Marekani iliuza kanda moja ya VHS kwa dola 75,000. Ilikuwa ya filamu ya Back to the Future, toleo la 1986, haijawahi kufunguliwa, nailoni ya kiwandani bado imeibana. Habari za namna hii zikifika kwenye simu zetu, anayepekua vitu vya wazazi wake Mbeya au Iringa akakuta kanda yenye nailoni huwa na swali moja tu: hii si hela hii?

Wanaosema ni hela wana hoja za kusikilizwa. VHS ilitoka Japani mwaka 1976 ikiletwa na JVC, na kiwanda cha mwisho kutengeneza deki, cha Funai, kiliacha Julai 2016. Kanda zinazidi kupungua: hii imetafunwa na deki, ile imetupwa wakati wa kuhama nyumba. Zilizobaki kwenye nailoni ni chache zaidi, maana mtu alinunua kanda aitazame. Kwetu uchache huo ni mkubwa kuliko huko ughaibuni. Enzi za maktaba za video, kanda nyingi zilikuwa za kurudufu, jina la filamu limeandikwa kwa kalamu kwenye stika. Ya kampuni yenyewe, na boksi lake lenye picha, ilikuwa ya kutafuta.

Kuna na historia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo aliyekuwa na televisheni Mbeya miaka ya 1980 alikuwa nayo zaidi kwa ajili ya deki. Kanda ndizo zilizokuwa stesheni yetu. Anayetaka kutunza ushahidi wa miaka hiyo yuko sahihi hata asipopata senti moja, na ningefurahi kuona kanda chache na deki yake vimewekwa mahali kama Makumbusho ya Boma la Iringa, watoto waone wazazi wao walivyotazama picha.

Kwenye ushahidi niko nao. Kwenye hela, hapana.

Ule mnada wa dola 75,000 una jambo ambalo wengi hulipita. Kanda ilikuwa ya Tom Wilson, mmoja wa waigizaji wa filamu hiyohiyo. Mnunuzi alilipia kanda na mkono ilikotoka. Ya kwako haikutoka huko. Halafu kuna kanda za katuni za Disney zenye alama ya almasi nyeusi, ambazo kwa miaka watu wamezitangaza mtandaoni kwa maelfu ya dola. Ukifuatilia zilizolipiwa kweli, nyingi zimekwenda kwa dola chache, kwa sababu zilitolewa kwa mamilioni. Mtu anaweza kutaja bei yoyote anayotaka, lakini mpaka atokee wa kuilipa, hiyo bado si bei.

Sisi tuna kikwazo kingine juu ya hivyo. Televisheni za Marekani zilitumia mfumo wa picha wa NTSC, za kwetu PAL kama za Uingereza, na kanda ya mfumo mmoja haichezi vizuri kwenye deki ya kawaida ya mfumo mwingine. Mkusanyaji wa Marekani mwenye fedha nyingi anatafuta kanda aliyoiona dukani kwao akiwa mtoto, na iliyopita Dubai au London kuja Mbeya siyo hiyo. Hata akiitaka, atashuku. Nailoni na hewa ya moto vinapatikana popote, kanda ya zamani inaweza kufungwa upya leo, ndiyo maana wanunuzi wakubwa hukagua mshono wa nailoni na alama hafifu ya studio iliyochapwa juu yake, kisha wakataka kampuni ya kupima ubora iithibitishe. Kampuni hizo ziko nje. Weka gharama ya kuipeleka kanda, kuipima na kuirudisha, uone kinachobaki.

Tena kanda nyingi zenye nailoni huku kwetu hazina filamu yoyote. Ni kanda tupu, E-180 za kurekodia, za Sony au TDK. Hizi zina kazi moja nzuri ambayo watu wameisahau: ganda lake. Kanda yako ya harusi ikivunjika ganda, fundi anafungua skrubu tano, anahamisha utepe wenye picha kwenye ganda jipya, na kanda inacheza.

Sasa hali ya hewa. Utepe wa video ni poliesta iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu. Ikinyonya sana inanata, unga unabanduka, picha inakwenda nao. Pakikaa nyuzijoto kama 18 na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 50, kanda inadumu. Baridi ya nyanda zetu ni neema ambayo Dar es Salaam hawana, na Iringa yenye mvua ndogo ni pazuri zaidi. Lakini Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kanda huota ukungu ndani ya sanduku. Darini chini ya bati ni pabaya kokote: mchana joto, usiku baridi, alfajiri unyevu.

Nailoni haizuii hayo. Nyingine huendelea kujikaza mpaka boksi linapinda. Kibaya zaidi, inakuzuia kukagua. Kanda iliyofunguliwa unaiwekea tochi ya simu kwenye kidirisha chake, unatazama ukingo wa utepe uliozungushwa. Ukingo mweusi, laini, ni salama. Ukiona vumbi jeupe au nyuzi nyeupe kama za buibui, huo ni ukungu, na usiithubutu kuiingiza kwenye deki, itachafua hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, na kuambukiza kanda nyingine. Iliyo kwenye nailoni na boksi, hujui kama umetunza filamu au umetunza ukungu.

Kwa hiyo natofautisha. Filamu ya Hollywood iliyofungwa iache ilivyo. Picha zake zipo kwenye diski na mtandaoni, hupotezi kitu kwa kutoifungua. Ya Kiswahili ni habari nyingine. Filamu zetu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kwenye VHS kabla ya VCD kushika soko, na kanda za kwaya za sharika zetu ziliuzwa mlangoni mwa kanisa. Nyingi hazikuwahi kuhamishiwa popote. Yenye nailoni huenda ndiyo nakala safi kuliko zote, haijakwaruzwa na deki hata mara moja. Wapo watakaosema kuichana ni kuua thamani yake. Thamani ipi, kama hakuna mnunuzi na wimbo umo ndani hausikiki? Mimi ningeichana. Ningemwomba fundi asafishe hedi kwa spiriti kwanza, aipeleke kanda mbele na kuirudisha taratibu mara moja, kisha aicheze huku ikirekodiwa kwenye kompyuta, nipewe nakala kwenye flashi mbili. Boksi na nailoni yake ningevitunza.

Na pembeni ya kanda hiyo, kabatini humohumo, kuna ambazo hazikuwahi kuwa na nailoni: harusi ya dada, ubarikio, mazishi ya babu. Hizo ziko moja moja duniani, na deki nzima zinazidi kuadimika. Fundi akiweza kuhamisha moja tu kabla mvua za Novemba hazijaanza, mpelekee ya babu.