Vitabu vya sare za Jeshi Jekundu: vinasaidia au vinapoteza watu?

Mtoto wa dada yangu anasoma Uingereza, na huko kaingia kwenye ule mchezo wa kuigiza vita vya zamani. Yaani watu wazima na kazi zao wanavaa sare za enzi hizo, wikiendi wanaingia porini, wanalala kwenye mahema, wanafyatua baruti tupu, Jumatatu wanarudi ofisini. Kikundi chake wanaigiza Jeshi Jekundu la Urusi, mwaka 1943. Juzi kanitumia voisi: "Shikamoo mjomba, nina hela ya kitu kimoja tu, ninunue kitabu cha sare au ninunue buti?" Kumbe wakubwa wa kikundi wenyewe hawaelewani, mmoja anamwambia bila kitabu usinunue hata kifungo, mwingine anasema vitabu vinadanganya, angalia picha za vita tu. Mi nakusanya vitu vya Kisovieti miaka mingi kidogo, ndo maana kaniuliza mimi, na swali lenyewe sio dogo kama linavyoonekana.

Tuanze na wa kitabu, maana ana pointi. Warusi walibadilisha sare katikati ya vita, tena sio kidogo. Walipovamiwa na Wajerumani Juni 1941 askari alikuwa na shati lile wanaloita gimnasterka, kola ya kulala, cheo kinakaa kwenye vipande vya kitambaa kwenye kola: pembetatu ni masajini, vimraba ni maofisa wadogo, vipande virefu ni maofisa wakubwa. Mabegani hamna kitu, kwa sababu mabega, yaani vile vipande vya cheo vinavyoshonewa begani, yalikuwa alama ya jeshi la mfalme na wanamapinduzi waliyachukia. Halafu Januari 6, 1943 ikatoka amri ya kurudisha mabega, na Januari 15 ikafuata amri namba 25 ya wizara ya ulinzi na gimnasterka mpya, kola imesimama, na ya askari wa kawaida haina mifuko kifuani wakati ya ofisa inayo. Sasa mtu anakuja kuigiza Stalingrad ya Oktoba 1942 na mabega yanang'aa, hapo ndo unajua huyu hajafungua kitabu hata kimoja, maana Wajerumani wa Stalingrad walisalimu amri Februari 2, 1943, mabega yenyewe ndo kwanza yanatoka kiwandani.

Na picha haikusaidii kwenye hilo, picha nyingi za vita hazina tarehe na karibu zote ni nyeusi na nyeupe. Rangi ya alama za askari wa miguu ilikuwa nyekundu ya kuelekea zambarau, ya mizinga ni nyekundu kabisa, kwenye picha zote mbili ni kijivu. Au ona hii ya Agosti 1, 1941, amri namba 253, waliambiwa walioko mstari wa mbele watoe alama za rangi kwenye kola waweke za kijani, wasionekane kirahisi. Bila mtu aliyezisoma amri kwa Kirusi akaziandika kwa lugha unayoielewa, utayajuaje hayo? Hata kitabu cha bure kipo, wizara ya vita ya Marekani ilitoa mwongozo kuhusu jeshi la Urusi Novemba 1945, TM 30-430, una sehemu nzima ya sare na alama na kwa kuwa ni mali ya serikali yao hauna hakimiliki. Uliandikwa na watu wa ujasusi waliotaka kumjua mshirika wao ambaye walishaanza kumtilia shaka, kwa hiyo hausomeki kama hadithi, ila kwa mtu mwenye hela ya kitu kimoja ni pa kuanzia.

Sasa huyu wa pili naye.

Kitabu kinakuonyesha amri ilisema nini. Askari alivaa bohari ilichompa. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na vitabu vingi, hasa vile vya zamani vya michoro ya rangi, vinachanganya. Amri ya 1943 yenyewe iliruhusu watu wamalizie sare za zamani, ndo maana utaona picha ya 1944 jamaa ana gimnasterka ya kola ya kulala na mabega mapya yameshonewa juu yake. Ngozi iliadimika, mikanda ikawa ya turubai, buti zikawa za kirza, ile ngozi bandia ya kitambaa ambayo mkemia wao Ivan Plotnikov alipewa Tuzo ya Stalin 1942 kwa ajili yake. Wengine hawakupata buti ndefu kabisa, wakapewa viatu vifupi na kitambaa kirefu cha kuviringisha mpaka chini ya goti. Wamarekani nao wakaleta viatu, inatajwa zaidi ya pea milioni 15. Alumini ilienda kwenye ndege, basi chupa ya maji ya askari ikawa ya kioo, na hebu fikiria unakimbia chini ya risasi na chupa ya kioo kiunoni.

Kwenye mchoro huyo mtu humuoni. Kwenye mchoro askari kasimama wima kama katoka duka la nguo sasa hivi, kila kitu kinalingana, mkanda wa ngozi, buti mpya, nyota nyekundu kwenye kofia wakati wengi mstari wa mbele walivaa nyota iliyopakwa kijani. Siwalaumu wachoraji. Vile vijitabu maarufu vya Osprey vya Men-at-Arms ni kurasa 48 na kurasa 8 tu za michoro ya rangi, halafu jeshi lenyewe lilipitisha watu zaidi ya milioni 30 kwa miaka minne, mtu mmoja aliyechorwa anabeba laki ngapi mgongoni? Ila msomaji hafikirii hivyo, anakata picha anampelekea fundi: nishonee hii.

Na hapo ndo kuna kitu kinaniudhi. Mchoraji anakosea kidogo, tuseme mfuko uko juu kuliko unavyotakiwa, au kijani kimekolea. Mtengeneza sare feki anafuata mchoro. Waigizaji wananunua, wanavaa, wanapigwa picha nzuri za rangi, na kwa kuwa picha za rangi za wakati ule ni chache mno, picha ya mwigizaji inaingia kwenye mtandao, kwenye gazeti, mwishowe kwenye kitabu kingine kama mfano. Kosa limezaa mjukuu. Ukibisha unaambiwa "mbona iko kwenye vitabu viwili?"

Lakini huyu wa "picha tu" naye asijione kashinda. Ile picha maarufu kuliko zote, askari anapandisha bendera juu ya Reichstag, jengo la bunge la Wajerumani Berlin, aliipiga Yevgeny Khaldei Mei 2, 1945, na bendera alikuja nayo mwenyewe kutoka Moscow, imeshonwa kwa vitambaa vyekundu vya meza. Ofisa anayemshikilia mwenzie miguu alionekana ana kitu kama saa mikono yote miwili, ya pili ikakwanguliwa kwenye filamu isije ikaonekana wameiba, na moshi ukaongezwa nyuma. Kama picha hiyo ilifanyiwa hivyo, zile za gazeti la jeshi ambazo kamanda kawapanga watu na kuwagawia mabuti mapya asubuhi ile unadhani zina ukweli kiasi gani? Picha ya kuamini ni ile mbovu mbovu, aliyopiga askari mwenyewe, watu wamechoka, kijiko kimechomekwa kwenye buti. Hizo sasa ni chache maana wakati wa vita mpiganaji wa kawaida mwenye kamera alikuwa haonekani kila siku.

Kuna wa tatu ambaye dogo hakumtaja, yule wa "mi nanunua orijino, sihitaji kitabu wala picha." Huyu ndo anapigwa kuliko wote. Gimnasterka ya kola ya kusimama haikuisha 1945, iliendelea mpaka sare mpya ya 1969, kwa hiyo "ya vita" nyingi sokoni ni za miaka ya 50 na 60. Za vita zenyewe zilivaliwa zikaisha, watu walirudi nazo nyumbani wakalimia.

Namna ya kuishika gimnasterka mi sikujifunza kwenye kitabu, nilijifunza soko la Karume nikiwa mdogo namsindikiza mama kuchagua mitumba. Mama haangalii mbele ya shati hata siku moja. Anageuza ndani nje, anavuta mshono, anasoma lebo, ananusa, anaangalia kwapa, ndo anauliza bei, na hapo tayari anajua atalipa ngapi. Gimnasterka ni hivyo hivyo: geuza, tafuta mhuri wa wino wenye mwaka, tazama vifungo vimeshikwaje, angalia kwenye kola kama kuna matundu madogo madogo ya sindano, kwa sababu askari alikuwa anashonea kitambaa cheupe ndani ya kola, kikichafuka anakitoa anashona kingine, na matundu hayo hayafutiki. Kitabu ninachokisifia mimi ni kile kinachofanya kazi ya mama: kinapiga picha ya ndani ya nguo, mshono, mhuri, kinasema kipande hiki kina tarehe hii na kile hakina. Vipo, vingi vimetoka baada ya 1991, nyaraka zilipofunguka na Warusi wenyewe wakaanza kuandika, na hata usipojua Kirusi picha unazielewa. Vya michoro ya rangi nakiri vinapendeza na ndo vilivyonivuta mimi mwenyewe. Ila ni vya kumvuta mtu, ukivitumia kushonea nguo umejipeleka mwenyewe.

Ukitoka kwenye vita hivyo ukaja vita vyao vya Afghanistan, Desemba 1979 mpaka Februari 1989, kitabu cha kanuni ndo hakifai kabisa. Kanuni inasema hivi, picha za wanajeshi wenyewe, maana wakati huo kamera zilishazagaa, zinaonyesha raba za michezo miguuni, nguo ya wavu wavu iliyotengenezwa kuwa vazi la kinga tu inavaliwa kila siku kwa sababu inapitisha hewa, na mfuko wa risasi wa kifuani walioteka kwa adui au kushona wenyewe. Huo mfuko waliuita lifchik, maana yake sidiria. Kanuni gani ingekuandikia hiyo?

Kuna jambo lingine kitabu kinakaa kimya. Kofia ya NKVD, polisi wa siri wa Stalin, ile ya juu bluu na mkanda mwekundu, kwenye mchoro ni nzuri kupita zote na vijana wanaipenda. Watu wa taasisi hiyo hiyo ndo waliwapiga risasi Wapolandi karibu elfu 22 mwaka 1940, mauaji ya Katyn. Kuivaa mbele ya mzee wa Kipolandi kwa sababu imechorwa vizuri ukurasa wa 30 ni utovu wa adabu, mi naona hivyo. Na sehemu nyingine ni kosa kisheria, Lithuania walipiga marufuku alama za Kisovieti hadharani 2008, Latvia 2013 kwenye mikusanyiko, Ukraine 2015. Nimemwambia dogo kabla hajapanda ndege na begi la nyota nyekundu aulize kwanza.

Jibu la swali lake? Nimemwambia anunue buti. Mwongozo wa Mmarekani atausoma bure, kitabu cha maana kikundi wakichangishane wanunue kimoja, lakini buti hakuna wa kumuazima, mguu ni wake. Na akishazipata amtafute mtu amuonyeshe kufunga portyanki, kitambaa cha kama sentimita 35 kwa 90 ambacho Warusi walivaa badala ya soksi mpaka 2013 ndo jeshi likaamua kuachana nacho. Kwenye kitabu ni michoro minne na mishale. Mi nilifuata mishale hiyo hiyo, nikatembea nusu saa, kikakunja chini ya kisigino, nikarudi nimebeba buti mkononi, na mzee mmoja aliyepita jeshi lao kanicheka mpaka machozi halafu kanifunga kwa sekunde kumi bila hata kuangalia.

Nilipomaliza kumweleza yote hayo ndo dogo ananiambia kofia ya chuma ameshanunua, ya 1943 kabisa, muuzaji kamuapia. Nikamwambia hebu geuza ndani uangalie. Kimya kidogo, nasikia anaigeuza.

"Mjomba, kuna namba imegongwa hapa. 1972."