Barakoa kwa mama, hewa kwa mtoto?

Kwa miaka mingi, mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka wakati wa uchungu, wahudumu wengi wa uzazi wamekuwa wakikimbilia kumvalisha mama barakoa ya oksijeni. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: mtoto hapumui, hewa yake yote inatoka kwa mama, basi mama aongezewe. Lakini Januari 2022 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kilishauri kwamba mama ambaye oksijeni yake iko sawa asivalishwe barakoa kwa mazoea tu.

Ubishi huu unaanzia kwenye kondo la nyuma. Damu ya mama haichanganyiki na ya mtoto. Inamwagika kuzunguka vijitawi vya kondo, ya mtoto inapita ndani ya vijitawi hivyo, na oksijeni huvuka utando mwembamba ikitoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache. Kwenye ateri za mama shinikizo lake ni kama milimita 100 za zebaki. Kwenye mshipa wa kitovu unaompelekea mtoto damu, ni kama 30 tu, kiwango ambacho mtu mzima angekuwa nacho mahututi. Mtoto anastawi nacho kwa sababu hemoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ni nyingi na inang'ang'ania oksijeni kuliko ya mama: hujaa nusu kwa shinikizo la 20 hivi, wakati ya mtu mzima huhitaji 27. Tena mtoto anapomwachia mama kabonidioksidi, hemoglobini ya mama inalegeza mshiko na ya mtoto inakaza. Ujanja huo hunishangaza kila nikiusoma.

Wanaopinga barakoa wanauliza: utaongeza nini? Hemoglobini ya mama mwenye afya imekwisha kujaa kwa asilimia 97 au 98. Ni basi lililojaa, na abiria wakizidi kituoni ndani hawaongezeki. Inayoongezeka ni oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, nayo ni kidogo. Isitoshe, mara nyingi tatizo ni damu kutofika: mikazo imefuatana mno, mama amelala chali na mji wa mimba umekandamiza mshipa mkubwa, presha imeshuka, au kamba ya kitovu imebanwa. Barakoa haigusi hata moja kati ya hayo.

Hata hivyo watetezi wake si wajinga. Katika viwango vya chini anavyoishi mtoto, shinikizo likipanda milimita chache tu, hemoglobini yake hujaa kwa kiasi kinachoonekana, na vipimo vilivyofanywa wakati wa uchungu vimeonyesha hivyo. Kinachowaangusha ni kwamba majaribio yaliyolinganisha barakoa na hewa ya kawaida hayakuona watoto wakizaliwa na asidi iliyopungua kwenye damu (asidi ikizidi ni dalili ya kukosa oksijeni) au wakiwa na hali bora.

Mimi naegemea upande wa ACOG, ila si kwa mama mwenye nimonia au ugonjwa wa moyo ambaye oksijeni yake mwenyewe imeshuka; huyo apewe mara moja. Kwa wengine, kwanza mama alazwe ubavu, dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza mikazo, ipunguzwe au ifungwe, presha ipimwe. Watetezi wamebakiwa na hoja moja nzito: majaribio hayo yalihusu zaidi watoto ambao hali yao haikuwa mbaya sana.