Uingereza leseni ni ya mlinzi, Kenya mlinzi ni wa kampuni

Wakenya wenzangu wanaponiuliza kuhusu kazi ya ulinzi huku Uingereza, swali la kwanza huwa ni la mshahara, nami huona kwamba wanaanzia mahali pasipofaa. Nimelinda mageti ya Nyali, Mombasa, na sasa ninalinda jengo la ofisi mjini Leeds, na kwa maoni yangu malipo siyo tofauti iliyo kubwa. Kima cha chini cha mshahara huku kilifika pauni 12.21 kwa saa mnamo Aprili 2025, walinzi wengi hulipwa hapo hapo au juu kidogo, na kodi ya chumba pamoja na nauli huimeza sehemu kubwa kabla hujakumbuka kutuma chochote nyumbani. Lililonishangaza zaidi ni kwamba huku kazi humfuata mlinzi, ilhali kwetu mlinzi ndiye anayeifuata kampuni, na kampuni ikimwacha hubaki mikono mitupu hata kama amesimama getini miaka kumi.

Chanzo cha hali hiyo ni sheria ya mwaka 2001 iliyounda mamlaka ya kusimamia sekta ya ulinzi wa kibinafsi, inayojulikana kwa kifupi kama SIA. Anayefanya kazi ya ulinzi ya kukodishwa bila leseni ya mamlaka hiyo anatenda kosa la jinai. Leseni hudumu miaka mitatu, ada yake ilipunguzwa Aprili 2023 kutoka pauni 190 hadi 184, na kabla ya kuiomba ni lazima usome kozi, ufaulu mitihani na uwe na cheti cha huduma ya kwanza. Mara nyingi gharama hizo zote hutoka mfukoni mwa mwombaji mwenyewe, jambo ambalo wengi hulilalamikia, na wana haki. Hata hivyo kadi ile ina jina lako na picha yako, wala haina jina la mwajiri. Ukichoka na kampuni moja, unaondoka nayo kesho yake na kuipeleka kwa nyingine.

Kikwazo kikubwa kwa mgeni ni uchunguzi wa maisha yake ya nyuma. Aliyeishi nje ya Uingereza kwa miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka mitano iliyopita hutakiwa kuleta cheti cha polisi kutoka nchi hiyo, yaani kile kile cheti cha maadili mema tunachokiomba kwa idara ya upelelezi, DCI, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Hilo ni jepesi. Kazi ipo katika kuthibitisha ulikuwa wapi kwa miaka mitano mfululizo, kwani pengo la zaidi ya mwezi mmoja lisilo na maelezo linatosha kukwamisha ajira. Mwajiri wangu wa zamani, ambaye sitamtaja, hakujibu barua pepe hata moja kutoka kwa wachunguzi. Ikawa kana kwamba zile zamu zangu za saa kumi na mbili, usiku baada ya usiku, hazikuwahi kuwapo. Nilinusurika kwa sababu nilikuwa nimehifadhi hati za malipo na taarifa za benki.

Kudumisha kazi nako kuna habari yake. Kwetu mteja akibadilisha kampuni ya ulinzi, walinzi wa kampuni iliyoshindwa katika zabuni huvua sare na kwenda kungoja kupangiwa lindo jingine, wakibahatika. Huku zipo kanuni za mwaka 2006 zinazoagiza kwamba mkataba ukihamia kampuni nyingine, kwa kawaida wafanyakazi wa lindo lile nao huhamia huko pamoja na mishahara yao, likizo zao na miaka yao ya utumishi. Jengo ninalolinda limekwisha kubadilisha kampuni nikiwa papo hapo, na kilichobadilika kwangu ni nembo iliyo begani. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2007 haina kinga ya namna hiyo, nami sioni kwa nini Bunge lisiiongeze.

Sisemi kwamba huku ni peponi. Ipo mikataba isiyotaja saa za kazi, ambapo msimamizi akikukasirikia hana haja ya kukufukuza: hakupangii zamu tu, wiki moja, ya pili, hadi unaondoka mwenyewe. Upweke nao ni mzito. Nyali watu walinisalimu wakitoka na wakirudi, nyumba fulani ikaniletea chai na mahamri kila asubuhi, na watoto wa mtaa walijua jina langu. Hapa mamia hupita mbele ya meza yangu bila kuinua macho. Jambo jingine ni kwamba kazi ya ulinzi haimo miongoni mwa zile ambazo mwajiri anaweza kumdhamini mgeni apate viza. Wakala anayekuahidi viza ya mlinzi London anataka fedha zako tu.

Kenya nayo haijalala. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha mamlaka ya kudhibiti huduma za ulinzi wa kibinafsi, na mamlaka hiyo imeanza kuwasajili walinzi mmoja mmoja na kuwapa namba zao. Mwanzoni mwa mwaka 2024 iliagiza walinzi wa Nairobi walipwe shilingi 30,000 kwa mwezi, waajiri wakapinga, na suala likafikishwa mahakamani. Magazeti yaliishughulikia ile 30,000. Mimi niliitazama ile namba ya usajili. Ikiwa mlinzi ataweza kwenda nayo popote, na kampuni yoyote ikaweza kusoma humo mafunzo na miaka yake ya kazi, hatalazimika tena kuanza upya kila anapobadilisha sare.

Kwa sasa, anayeacha kazi ya ulinzi Kenya, awe anakuja huku au anavuka tu kutoka Likoni kwenda mjini, na adai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha sheria ya ajira kinamlazimisha mwajiri kukitoa kwa yeyote aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, na anayekataa kwa makusudi anatenda kosa. Kidai kabla ya kurudisha sare, maana baada ya hapo hakuna ofisini atakayekuwa na haraka ya kukuhudumia.