Meneja wa Bongo anaajiri mtu, anapewa ukoo mzima

Jamani umeneja tuliokaririshwa chuoni na huu wa hapa Tanzania ni vitu viwili tofauti kabisa. Kule ilikuwa bajeti, malengo, kupima utendaji, basi. Huku unafika asubuhi fundi mashine hayupo, kafiwa, unauliza kafiwa na nani unaambiwa baba mdogo, na msiba uko Bukoba.

Sasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 4 zenye malipo mtu akifiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Baba mdogo hayumo. Na kama huyo baba mdogo ndo alimlipia ada mpaka fomu foo utamwambiaje abaki? Basi mabosi wengi wanafanya kienyeji, kipenzi chao anaruhusiwa kimya kimya, asiye na bahati anakatwa mshahara, halafu tunashangaa kwa nini watu wamenuna na spea zinapotea stoo.

Mi silaumu mila hata kidogo, nalaumu ofisi kujifanya haizioni. Andikeni kwenye kanuni zenu nani mwingine anahesabika, siku ngapi, na zikizidi zitolewe kwenye zile 28 za likizo ya mwaka. Kila mtu ajue.

Hela nayo ni hivyohivyo. Ikifika katikati ya mwezi foleni ya advansi inaanza, huyu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, yule kamati ya harusi inampigia simu kila siku, na bosi mwenyewe wakati mwingine hana, mfano ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 wenye viwanda vidogo walikuwa wanachagua dizeli ya jenereta au mafundi wakae wanachezea simu huku mshahara unahesabika na NSSF inasubiri mchango wake, haijali umeme ulikuwepo au haukuwepo.

Ndo maana naipenda mifuko ya kufa na kuzikana, wafanyakazi wanachanga kidogo kidogo kila mwezi na kampuni inaongezea, inapunguza ile foleni kwa kiasi chake. Ila mweka hazina achaguliwe na wafanyakazi wenyewe, asiwe bosi wala shemeji yake aliyeletwa mwezi uliopita kuwa sijui msimamizi wa nini.